WILLIAM SHEPPARD: MJUKUU WA AFRIKA ALIYEHESABU MIKONO ILIYOKATWA



Katika ukurasa huu wa maisha ya watumishi wa Mungu waliotutangulia, safari hii tumtazame Mchungaji William Henry Sheppard. Huko Marekani vitabu vimeandikwa juu yake, lakini wengi wetu tuliotoka Kongo tulimaliza shule bila kulisikia jina lake, ijapokuwa alipeleka mbele ya ulimwengu kilio cha babu zetu.

Nimemchagua kwa sababu ya swali ambalo hapa kambini tunaulizana kila siku, kwenye foleni ya maji, siku ya mgao, hata nje ya kanisa baada ya ibada: Wewe ni wa wapi? Ni kabila gani? Ndugu zako ni akina nani? Sheppard aliulizwa maswali hayo maisha yake yote, na kila nchi aliyofika ilimpa jibu lake. Tuone yeye alijibu namna gani.

KUZALIWA NA MASOMO

Sheppard alizaliwa tarehe 8 Machi 1865 katika mji mdogo wa Waynesboro, jimbo la Virginia, kusini mwa Marekani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimebakiza wiki chache tu kwisha, na pamoja navyo utumwa wa watu weusi. Baba yake alikuwa kinyozi na mtunzaji wa jengo la kanisa. Mama yake alizaliwa akiwa huru, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa mwanamke mweusi wa sehemu ile.

Alipokuwa bado mtoto, mama mmoja mzungu wa mji ule alimwambia kwamba anamwombea ili siku moja aende Afrika kuwa mmisionari. Neno hilo halikumtoka moyoni. Alipokua alifanya kazi ya kutunza farasi kwa daktari wa meno, akawa mhudumu wa mezani hotelini, kisha akajiunga na chuo cha Hampton kilichofunguliwa mwaka 1868 kwa ajili ya watu weusi waliotoka utumwani. Mmoja wa walimu wake pale alikuwa Booker T. Washington, aliyekuja kuwa maarufu sana. Kutoka Hampton alikwenda chuo cha theolojia cha Tuscaloosa, jimbo la Alabama, na mwaka 1888 akawekewa mikono kuwa mchungaji wa Kanisa la Presbiteri.

Akapewa usharika mjini Atlanta. Lakini moyo wake ulikuwa Afrika. Kwa muda wa miaka miwili hivi aliiandikia halmashauri ya misioni ya kanisa lake akiomba atumwe, na kila mara alijibiwa kwa maneno ya kuzungukazunguka. Mwishowe alipanda treni mpaka Baltimore kuwauliza wenyewe ana kwa ana. Hapo akaambiwa ukweli: halmashauri haitamtuma mtu mweusi bila mzungu wa kumsimamia.

Mungu akamwandaa mzungu huyo. Kijana Samuel Lapsley wa Alabama, mtoto wa jaji aliyewahi kumiliki watumwa, alijitolea kwenda naye. Mjukuu wa watumwa na mtoto wa mwenye watumwa wakaondoka pamoja New York tarehe 26 Februari 1890.

Hapa ndugu msomaji nisikufiche jambo. Si kila aliyewasukuma kwenda Afrika alikuwa na nia njema. Seneta John Tyler Morgan wa Alabama aliiunga mkono safari ile kwa sababu alitamani watu weusi wa Marekani wahame wote warudi Afrika, nchi ibaki ya wazungu. Kwa hiyo neno moja lilisemwa na watu wawili. Sheppard aliandika katika barua zake kwamba Afrika ni nchi ya mababu zake, na alilisema kwa upendo. Seneta naye aliwaambia weusi kwamba Afrika ndiyo kwao, akimaanisha waondoke. Sisi wakimbizi tunaijua tofauti hiyo. Kuna anayetuuliza habari za nyumbani kwa sababu anatupenda, na kuna anayetuambia turudi kwetu kwa sababu amechoka kutuona.

KUFIKA KONGO

Walifika Kongo mwezi wa Mei 1890. Wakati ule nchi yote ilikuwa mali ya mtu mmoja, Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, na iliitwa Dola Huru ya Kongo, ijapokuwa uhuru wenyewe haukuwamo. Kutoka Matadi walitembea kwa miguu zaidi ya kilomita 300 mpaka Leopoldville, yaani Kinshasa ya leo, kisha wakapanda meli ndogo ya mvuke mpaka Kasai. Mwezi wa Aprili 1891 walifungua misioni Luebo, mahali mto Luebo unapoingia katika mto Lulua.

Wenyeji hawakujua wamwite nini Sheppard. Ngozi yake ilikuwa kama yao, lakini nguo zake, viatu vyake na kofia yake vilikuwa vya mzungu. Wakamwita Mundele Ndom, maana yake mzungu mweusi. Huyu ndiye mtu ambaye kwao Marekani hakuruhusiwa kuketi meza moja na mzungu! Kule alikuwa mweusi mno, huku akaonekana mzungu.

Tarehe 26 Machi 1892 Lapsley alikufa kwa homa huko Matadi, akiwa na miaka 25 tu. Sheppard akabaki Luebo bila msimamizi ambaye halmashauri ilimtaka awe naye. Kazi haikusimama.

SAFARI YA MAYAI

Kaskazini ya Luebo kulikuwa na ufalme wa Wakuba, watu hodari wa kusuka nguo za ukindu, kuchonga vikombe na masanduku, na kutawala kwa sheria. Mfalme wao, Kot aMweeky, alikuwa ametoa amri kwamba mtu yeyote atakayemwonyesha mgeni njia ya kwenda mji wake mkuu, Mushenge, atakatwa kichwa.

Sheppard alijifunza lugha yao kwa wafanya biashara waliofika sokoni Luebo. Halafu mwaka 1892 akaondoka na watu wachache. Kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumwonyesha njia, alitumia akili. Katika kila kijiji alinunua mayai, na yalipokwisha aliuliza soko la mbele linapopatikana mayai mengine, akamtuma mtu wake kwenda kununua. Mtu huyo akishaijua njia, msafara mzima ulimfuata. Inasimuliwa kwamba siku moja alilazimika kula mayai 30 ili asionekane mwongo.

Mwishowe walikamatwa. Mfalme alimtuma mwanawe, N'toinzide, awalete wanakijiji waliompokea mgeni wapate adhabu ya kifo. Lakini mwana wa mfalme alishangaa kusikia kwamba mgeni anasema lugha yao, na kwamba hakuna aliyemwonyesha njia. Akarudi kumweleza baba yake. Wazee wakakaa baraza, wakatoa uamuzi ambao Sheppard hakuutazamia: huyu si mgeni. Ni Bope Mekabe, mfalme wao wa zamani aliyekufa, amerudi nyumbani.

Sheppard aliwakatalia, akasema yeye ni mtu wa Marekani na hajawahi kuwa mfalme. Hawakumsikiliza. Wakamwingiza Mushenge kwa heshima kubwa, na alikaa huko miezi minne akiandika habari za sheria zao, mavazi yao na ibada zao.

Wapendwa, sisi tunaoliamini Neno hatufundishi kwamba wafu hurudi katika miili mingine. Lakini tazameni jambo lililo chini ya imani ile. Wakuba waliona kwamba huyu mtu ametoka kwao, amechukuliwa mbali sana, na sasa amerudi. Hakuna aliyewasimulia habari za meli za watumwa. Hata hivyo walikuwa karibu na ukweli kuliko wakubwa wengi wa Ulaya.

NDOA NA WATENDA KAZI WENZAKE

Mwaka 1893 alikwenda likizo. Jijini London alipewa heshima ya kuwa mwanachama wa Chama cha Kifalme cha Jiografia, na Marekani alipokelewa na Rais Cleveland. Tarehe 21 Februari 1894 alimwoa Lucy Gantt, mwalimu na mwimbaji. Walirudi Kongo na watenda kazi wengine weusi, akiwamo mama mmoja ambaye sharti nimtaje: Maria Fearing.

Mama Maria alizaliwa utumwani Alabama mwaka 1838. Alijifunza kusoma akiwa na zaidi ya miaka 30. Alipoomba kwenda Kongo alikuwa na miaka 56, na halmashauri ikakataa kumlipia kwa sababu ya umri. Aliuza nyumba yake, akajilipia mwenyewe. Huko Luebo alifungua nyumba ya kulea wasichana, wengi wao aliwakomboa mikononi mwa wafanya biashara ya watumwa kwa kutoa nguo, chumvi na vitu vingine. Mwanamke aliyewahi kuwa mali ya mtu akawa anawanunua watoto ili wawe huru! Alifanya kazi hiyo zaidi ya miaka 20.

Sheppard na Lucy walizika watoto wao wawili wachanga, Miriam na Lucille. Baadaye walipata binti, Wilhelmina, na mtoto wa kiume wakamwita William Lapsley, kwa kumbukumbu ya rafiki mzungu aliyekufa Matadi. Lakini nyumbani waliitikia jina lake lingine, Maxamalinge, ambalo ni jina la mwana wa mfalme wa Wakuba. Mtoto mmoja alibeba majina ya koo tatu.

MIKONO 81

Mwaka 1888 tairi la mpira lenye hewa lilivumbuliwa huko Ulaya, na haja ya mpira ikaongezeka kila mwaka. Utomvu wake ulipatikana katika misitu yetu. Watu wa Leopold walilazimisha vijiji kuleta utomvu na kodi ya kila namna, na aliyeshindwa aliuawa, au mke wake alifungwa mpaka mpira ufike. Askari walipaswa kuonyesha kwamba hawakupoteza risasi, kwa hiyo kwa kila mtu waliyempiga walikata mkono wa kuume, wakaukausha kwa moshi ili usioze kabla ya kufikishwa kwa mkubwa.

Mwezi wa Septemba 1899 habari zilifika Luebo kwamba nchi ya Wapianga inateketea. Mmisionari mwenzake, William Morrison, alimwomba Sheppard aende kuona. Aliogopa, na hakuficha hofu yake, lakini alikwenda.

Aliwakuta wale waliofanya uharibifu. Walikuwa watu wa chifu aliyeitwa Zappo Zap, kikundi kilichotoka kwa Wasongye, ambacho serikali ilikipa bunduki ili kikusanye kodi. Kiongozi wao, Mlumba N'kusa, alimjua Sheppard na hakumficha kitu. Alimwonyesha boma walimofungiwa wanawake wapatao 60. Alimwonyesha maiti. Kisha akampeleka penye moto, ambapo juu yake palikuwa na kichanja cha miti. Sheppard alisogea akahesabu mkono mmoja mmoja. Ilikuwa mikono ya kuume 81.

Alipiga picha kwa kamera yake, akaandika idadi, majina ya vijiji na maneno aliyoambiwa, akarudi Luebo. Habari ile ilitangazwa katika magazeti ya Marekani na Ulaya mwaka 1900, na mwandishi mashuhuri Mark Twain alimtaja Sheppard katika kijitabu chake cha mwaka 1905 dhidi ya Mfalme Leopold.

Nawaomba tusipite haraka hapa. Waliokatwa mikono walikuwa weusi. Waliokata walikuwa weusi. Aliyewapa bunduki na kuipokea faida alikuwa mfalme mzungu aliyekaa mbali, asiyekanyaga Kongo hata siku moja. Kwa hiyo mtu asisimame akasema kwamba ngozi moja inatosha kutufanya ndugu. Wala mtu asichukue habari hii akawasingizia Wasongye wote; wengi wao walikuwa wakiteseka chini ya bunduki hizo hizo. Tumekwisha kuona katika siku zetu jinsi dhambi ya kundi moja lenye silaha inavyobandikwa juu ya kabila zima, hata juu ya watoto walio tumboni.

KESI YA LEOPOLDVILLE

Miaka ikapita, na kampuni moja, Compagnie du Kasai, ikapewa biashara ya mpira katika nchi ya Wakuba. Mwezi wa Januari 1908 Sheppard aliandika makala katika gazeti dogo la misioni, Kasai Herald. Alieleza jinsi Wakuba walivyokuwa alipowafikia mara ya kwanza: nyumba kubwa, njia zilizofagiwa, mashamba yaliyojaa. Kisha akaeleza walivyo sasa: nyumba zinaanguka, mashamba yameota majani, wanaume wako msituni wakitafuta mpira kwa malipo madogo, na walinzi wenye silaha wako nyuma yao. Mwaka huo huo konsuli mdogo wa Uingereza, Wilfred Thesiger, alizunguka Kasai kuchunguza, na Sheppard ndiye aliyemwongoza njia na kumtafsiria.

Tarehe 15 Novemba 1908 Leopold aliiachia Kongo mikononi mwa serikali ya Ubelgiji. Lakini kampuni haikuyasahau maneno yale. Iliwashtaki Sheppard na Morrison kwa kosa la kuichafulia jina, na wakaitwa mahakamani Leopoldville, safari ya karibu kilomita 1,000 kutoka Luebo. Mashtaka ya Morrison yalifutwa, Sheppard akabaki peke yake.

Aliyesimama kumtetea alikuwa Mbelgiji, Emile Vandervelde, kiongozi wa chama cha kisoshalisti, mtu ambaye hakuwa wa imani yake. Alisafiri kutoka Ulaya na hakudai malipo. Kesi ilisikilizwa tarehe 20 Septemba 1909, na tarehe 4 Oktoba jaji akatoa hukumu: Sheppard hana hatia.

KUANGUKA NA KUINUKA

Maisha ya watumishi wa Mungu tusiyapake rangi. Daudi alianguka, Petro alianguka, na Sheppard pia. Mwaka 1910 aliondoka Kongo, na sababu mojawapo ilikuwa kwamba alikosa uaminifu katika ndoa yake na wanawake wa Kikuba. Alikiri mbele ya kanisa, akasimamishwa uchungaji kwa mwaka mmoja, akatubu, na mwaka 1912 akarudishwa. Lucy hakumwacha.

Tangu mwaka 1912 alikuwa mchungaji wa usharika wa watu weusi huko Louisville, jimbo la Kentucky. Mtu huyu aliyeketi na mfalme wa Wakuba na kupokelewa na Rais wa nchi yake, aliishi tena chini ya sheria za ubaguzi. Katika mji aliozaliwa wazungu walimsifu kwamba hakujisahau, maana alipowatembelea alipita mlango wa nyuma. Lakini vitu alivyotoka navyo Kongo, nguo, vikombe, visu na sanamu, alivipeleka chuo chake cha Hampton. Huko vijana weusi waliofundishwa kwamba mababu zao hawakuwa na kitu walivitazama kwa macho yao wakaona kazi ya mikono ya watu wao.

Alifariki mwezi wa Novemba 1927. Lucy aliishi mpaka mwaka 1955.

TUJIFUNZE NINI?

Kwanza, tunakotoka ni zawadi ya Mungu. Sheppard hakuona haya kusema kwamba mababu zake ni Waafrika, wakati ambapo wengi walimfundisha aone haya. Wazazi, wasimulieni watoto waliozaliwa hapa kambini habari za vijiji vyenu, mito, majina ya babu na bibi. Mtoto asiyejua alikotoka hupewa jina na kila apitaye.

Pili, damu moja peke yake haituokoi. Kaini na Habili walitoka tumbo moja. Katika Mwanzo sura ya 4 Mungu hakumwuliza Kaini kabila lake. Alimwuliza alipo ndugu yake. Swali hilo ndilo alilolijibu Sheppard alipousogelea ule moto. Angeweza kugeuza uso na kurudi Luebo salama. Alihesabu, ili wale 81 wasipotee bila mtu wa kusema kwamba walikuwapo.

Tatu, ndugu anaweza kutoka mahali usipotazamia. Lapsley alikuwa mtoto wa mwenye watumwa, akafa akiwa mwenzake. Vandervelde hakuwa wa kanisa lake, akamtetea bila malipo. Katika mwaka 2016 na 2017 vita vilipowaka tena Kasai, watu zaidi ya 30,000 walikimbilia Angola, na wenyeji waliogawana nao muhogo hawakuuliza kwanza ukoo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Je, watoto wetu wanayajua majina ya babu zao na ya vijiji tulivyotoka?

2. Ni maneno gani tunayosema mezani juu ya kabila lingine ambayo tusingeyasema mbele ya Yesu?

3. Ni nani hapa kambini anayedhulumiwa na hakuna anayesema kwa ajili yake? Familia yetu itafanya nini juma hili?

Bwana awabariki na kuwalinda, nyinyi na nyumba zenu. Amina.